Nane Iliyokuwa Ritifaa

Elibariki alinipigia simu Jumatano asubuhi nikiwa nakoroga uji, akasema mama amepumzika. Hakusema mama yupi na mimi sikuuliza. Mimi na yeye tuna mama mmoja wa kushirikiana, ingawa mimi hakunizaa. Akaniomba niandike wasifu wa marehemu, ukurasa mmoja, usomwe kabla ya mahubiri, maana yeye kila akishika kalamu analia. Mazishi Jumamosi, kule kwao karibu na Momela. Nikaepua uji, nikakaa mezani, nikaandika kama wasifu unavyoandikwa: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akaajiriwa. Nilipofika kwenye ule mwaka niliokaa nyumbani kwake Levolosi, nikajikuta nimeandika, "Pia alifundisha kompyuta." Nikaisoma mara mbili, nikakasirika. Mwanamke amenitengeneza mtu, na mimi namrudishia maneno matatu. Wa kanisani utabaki ukurasa mmoja, sawa, mchungaji ana ratiba yake. Lakini huu hapa si wa kanisani, na nitauandika kwa urefu ninaoutaka mimi.

Nyumba ya Mama Nnko ilikuwa ya matofali ya saruji, vyumba vimezunguka ua, na mimi nilipanga kile cha mwisho kilichopakana na jiko. Chumba cha mbele, ambacho kwa wenzake kingekuwa sebule yenye makochi na vitambaa vya kufuma, yeye alikifanya shule ya kupiga chapa. Alikuwa na taipureta sita nzito, za chuma, alizozichukua mnadani shirika la umma alilolifanyia kazi Dar es Salaam lilipokufa. Kule alianza kwenye chumba cha mashine za kadi za kutoboa, akapanda hadi kuandika programu, mwanamke peke yake katikati ya wanaume waliovaa tai. Kisha soko huria likaja, mashirika yakafungwa moja baada ya jingine, na watu wazima wenye ujuzi wao wakarudishwa makwao na barua yenye neno "kupunguzwa". Alilichukia neno lile kupita kiasi. Alikuwa akisema, kwani mimi chumvi, nipunguzwe? Basi akaja Arusha, akapanga mashine zake, akabandika kibao mlangoni, na kuanzia saa mbili asubuhi ungewasikia wasichana wakigonga a-s-d-f, a-s-d-f, yeye akipita katikati yao na rula mkononi. Hakumpiga mtu. Aliitumia kuinua viganja vilivyolala.

Siku ya kwanza aliponiandikia risiti ya chumba nilimuuliza jina lake linaandikwaje, nikiwa na haraka, na mimi mwenyewe nikatangulia kuandika Nko kwenye daftari langu. Alinyoosha mkono akaigusa ile karatasi. "N mbili, mwanangu," akasema. "La n moja ni la mtu mwingine." Nikaongeza n. Niliona ni mambo ya ubishi wa kizee tu, na nilikuwa na umri ule ambao mtu anajiona amezaliwa na akili yote. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha sita na kozi ya miezi michache ya kompyuta, na nilikuwa nimepata kazi. Mjini kote watu walikuwa wanapoteza kazi na mimi nimepata! Basi hata kutembea nilikuwa natembea kwa kujisikia.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ofisi ya mradi wa kupima mashamba, jina lake nitaliacha. Njia ya Terrat kulikuwa na shamba kubwa la zamani la mkonge lililotelekezwa, na wanakijiji, wengi wao Waarusha wanaosema Kimaasai, walikuwa wamelima na kuchunga humo kwa miaka mingi, wamejenga, wamezikana humo. Sasa serikali ilikuwa inaligawa upya. Kila mwanakijiji aliyekuwa na eneo lake angepimiwa na kupewa hati, na kitakachobaki angepewa mwekezaji wa maua. Ndiyo yalikuwa maneno ya miaka ile, mwekezaji, mwekezaji, kila mahali. Ili upate hati ilibidi jina lako lionekane kwenye orodha mbili: ile ya wapimaji na ile ya kijiji. Jina lililokuwa kwenye moja tu lilikatwa. Kazi yangu ilikuwa kuziingiza orodha zote mbili kwenye kompyuta na kuzilinganisha. Tulikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa maua, kwenye chumba ambacho hata meneja wetu, Bwana Swai, alivua viatu kabla ya kuingia. Nilishinda humo na soksi, nikigonga majina mamia kwa mamia. Amri ilikuwa moja: andika unavyoona, usimsahihishe mtu jina lake. Orodha ya wapimaji ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Ile ya kijiji ilipigwa chapa, na ilikuwa chafu, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, namba zimejipenyeza katikati ya majina. Nikaandika nilivyoona.

Taabu ilianza kwenye kulinganisha. Laizer wa orodha moja ni Laiser kwenye nyingine. Mollel huku ana l mbili katikati, kule ana moja. Kompyuta haina huruma na mambo hayo, kwake Laizer na Laiser ni watu wawili wasiojuana. Nilikuwa natafuta kwa macho, mstari kwa mstari, mpaka naona majina hata nikifumba. Jioni moja nilimkuta Mama Nnko uani amepakata ungo, anachambua maharage, nikakaa kwenye kigoda nimsaidie huku nalalamika. Akaniuliza kama kwenye ile mashine kuna programu inaitwa grep. Nikasema ipo, ililetwa kwenye diski na mpimaji mmoja wa kujitolea, ila sijui kazi yake. Akacheka mpaka ungo ukatikisika. Kwa hiyo, akasema, unalo jembe na unalima kwa kucha?

Alichonifundisha jioni ile ndicho kilichonilisha maisha yangu yote, na alikifundisha kwa maharage. Alivuta bakuli la bati, akaniambia hili ndilo mabano ya mraba. Ukitaka kutafuta herufi ambayo hujui ni ipi kati ya hizi na hizi, unaziweka zote bakulini. Akatupia punje mbili, moja nyekundu na moja yenye madoa, akasema hii s, hii z. Mkono ukiingia unatoka na moja tu, hata kama umejaza mia. Sasa andika Lai, halafu bakuli lenye s na z, halafu er. Alichukua kijiti akachora chini kwenye vumbi: Lai[sz]er. Umempata Laiser na umempata Laizer, kwa mkupuo mmoja, na hukumgusa mtu jina lake. Nakumbuka niliacha kuchambua. Akaendelea: ukitaka herufi zote huna haja ya kuzihesabu, unaandika a, kistari, z, na kile kistari maana yake ni mpaka, a mpaka z. Na ukiweka kofia, hii alama ya kilele cha paa, mle ndani mwanzoni kabisa, bakuli linageuka tabia, linataka chochote isipokuwa vilivyomo. Kwenye kitabu chake cha fotokopi, kilichofungwa kwa kamba ya mkonge, mambo yale yalikuwa na majina ya Kiingereza marefu marefu. Yeye alishayapa ya kwake zamani, bakuli, mpaka, kofia, na mpaka leo nikiwa kazini kichwani nayaita hivyo.

Tulipomaliza, yeye hakunyanyuka. Alirudi kwenye ile chungu ya mawe, makapi na maharage mabovu tuliyoyatupa pembeni, akaanza kuipekua kwa kidole. Akatoa punje nzima tatu, nne, akazirudisha kwenye ungo. Nilimuuliza si tumeshachambua. Akasema, "Aichi, ukitupa, soma ulichotupa. Ulichobakiza kitajisema chenyewe." Nikaitika ndiyo mama. Kisha tukala loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, iliyobaki mchana, baridi, kwenye vikombe vya bati, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mabano ya mraba.

Mwezi uliofuata nilikuwa malkia wa kile chumba. Kazi ya wiki naimaliza kwa siku moja. Bwana Swai alileta wageni mpaka mlangoni, wakavua viatu, wakanitazama ninavyoandika mstari mmoja na majina yanashuka. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro kama mimi, na alipenda kuwaambia wageni kwamba huyu ni binti yetu. Halafu siku moja, Jumatano, akasema orodha ya mwisho inatakiwa wilayani Ijumaa. Mama Nnko hakuwepo, alikuwa ameitwa Momela, mama yake mzazi anaumwa. Faili la majina ya kijiji lilikuwa limejaa takataka: vistari vya kupigia mstari, nyota, "ukurasa wa 3", "inaendelea...", na mistari yenye namba tumboni, ambayo nayo niliihesabu uchafu. Nikasema, ah, kwani jina la mtu lina nini zaidi ya herufi? Nikaandika bakuli langu lenye kofia, [^A-Za-z ], yaani mstari wowote wenye kitu kisichokuwa herufi wala nafasi uende kwenye faili nililoliita takataka. Nikalifungua, nikatazama skrini ya kwanza. Vistari, nyota, ukurasa wa 3. Safi kabisa. Nikalifunga. Orodha ikachapwa, ikasainiwa, na Jumatatu ikabandikwa kwenye ukuta wa shule ya msingi kule kijijini. Pingamizi zilipewa siku kumi na nne.

Nilikuwa nakula makande kwa mama lishe mmoja nyuma ya soko, siku ya tatu au ya nne, nimegeukia ukutani, na nyuma yangu wamekaa wanaume wawili waliojifunga lubega, fimbo wameegemeza kwenye benchi. Mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake kwamba ile orodha imetoka na watu wamefutwa. Mwenzake akauliza wamefutwa na nani. Akajibiwa kuna kabinti ka Kimachame kule ofisini, kamekaa kwenye mashine, ndiko kanachagua. Wenye majina ya kwetu hasa kanafuta. Yule mwingine akasema lakini akina Mollel si wamo. Wa kwanza akacheka kwa hasira: Mollel watafutwaje, ni wengi mno, wangeonekana! Akamtaja mama mmoja mjane, Nolari, mumewe amezikwa mwisho wa lile shamba, amelima pale tangu akiwa bibi harusi, na sasa anaambiwa si mtu wa kijiji, kaburi la mzee litapandwa waridi. Nilitaka kugeuka niseme si kweli, na nikashindwa, kwa sababu sikujua kama si kweli. Niliacha bakuli limejaa, nikaondoka bila kumuaga hata mama lishe.

Sikurudi ofisini kulia, nilirudi kusoma. Nikavua viatu, nikalifungua lile faili la takataka, na safari hii sikuishia skrini ya kwanza. Ya pili ilikuwa vistari. Ya tatu ikaanza: Saning8o. Ng8ayai, ila n yake ndogo. Meng8oru, m ndogo. Saning8o mwingine. Kisha tena, na tena, ukurasa baada ya ukurasa, watu na majina yao mawili matatu, kila mmoja na nane tumboni. Sikuelewa. Niliwaza labda ni namba za kitongoji, labda karani wa kijiji alikuwa mlevi. Nilichokielewa ni kwamba hawa ni watu, na mimi nimewatupa, na wale wanaume wawili walikuwa wamesema kweli hata kama hawakujua sababu. Nikachapa kurasa zote, nikazibana kwapani, nikaenda Levolosi kwa miguu.

Mama Nnko alikuwa amerudi asubuhi ile ile, hata kitenge cha safari hajavua, anakunywa chai kwenye chumba cha shule katikati ya mashine zilizofunikwa. Alizisoma kurasa zote. Hakuniuliza kwa nini sikusoma takataka, na nafuu angeniuliza. Aliniambia kaa kwenye mashine ile, weka karatasi, andika ng'ombe. Nikaandika n, nikaandika g, nikatafuta ritifaa. Ilikuwa juu ya kitufe cha nane. Ili uipate ilibidi ubonyeze shifti na nane pamoja. Akanishika mkono wa kushoto, akauondoa kwenye shifti, akasema andika tena. Ikatoka ng8ombe. "Hiyo si nane," akasema. "Hiyo ni ritifaa iliyokosa shifti." Halafu akaweka kidole kwenye orodha, akaanza kunionyesha kama daktari anavyosoma picha ya kifua. Saning'o ana S kubwa, kwa sababu S ni ya mkono wa kushoto, kwa hiyo shifti yake ni ya kulia. Ng'ayai ana n ndogo, Mollel m ndogo, Laizer l ndogo, wote hao ni wa mkono wa kulia, shifti yao ni ya kushoto. Na nane ni ya kulia. Karani wa watu hakuwa mlevi. Shifti ya kushoto ya mashine yake imekufa, na hakuna wa kumtengenezea, basi amepiga majina ya kijiji kizima na mashine kilema. Nilicheka, nikasikia machozi yanakuja humo humo ndani ya kicheko, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Niliamua pale pale kwenye kile kiti kwamba kabla ya siku kumi na nne kwisha kila mmoja wao atarudi. Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Swai. Alinisikiliza vizuri, hakupandisha sauti. Alisema orodha imeshasainiwa, kuifungua upya ni kukiri wilayani kwamba ofisi haijui kazi. Mwenye malalamiko aje na barua ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, atasikilizwa mmoja mmoja. Nikamwambia kwa siku zilizobaki hawatakwisha, na wengi wao kusoma hawajui, hata hawajajua kama hawamo. Akasema Jumamosi kuna mkutano kijijini, atakwenda mwenyewe kuwatuliza. Atawaambia kompyuta imekosea. "Watu wanaisamehe kompyuta, binti yangu," akasema. "Mtu hawamsamehi. Wewe baki hapa mjini."

Nilibaki siku mbili tu, na siku hizo nilifanya kazi kwelikweli. Nikatengeneza bakuli jipya, lenye ritifaa na nane ndani yake: ng['8]. Lakini wapimaji nao, kwenye orodha yao ya mkono, hawakuandika alama yoyote, waliandika Saningo tu. Basi nikaweka nyota baada ya bakuli, yaani kilichomo kiwepo au kisiwepo, na mbele yake bakuli la irabu, ng['8]*[aeiou], ili ng' ifuatwe na irabu kama inavyofuatwa kwenye majina yao. Saning8o akakutana na Saningo. Ng8ayai akakutana na Ngayai. Nilipomaliza, nilisoma kilichobaki kwenye takataka, mstari kwa mstari, kwa sauti, na Mama Nnko aliyekuja na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha alikaa pembeni yangu na soksi zake akiitikia taka, taka, taka. Hapakubaki mtu. Tukachapa orodha mpya, nikaiandika ritifaa kila mahali inapostahili.

Jumamosi nilimwomba dereva wa wapimaji anibebe, naye hakuniuliza kitu. Mkutano ulikuwa uwanjani pa shule, watu wamekaa kwenye nyasi kavu, madawati ya darasa la kwanza yametolewa kwa ajili ya wageni. Bwana Swai aliponiona nashuka kwenye Land Rover uso ulimbadilika, ila alikuwa ameshaanza kuongea. Alisema vizuri, kwa upole, kwamba kompyuta ni chombo kipya, kimekosea, serikali inasikitika. Mtendaji wa kijiji akatafsiri Kimaasai kwa wazee. Minong'ono ikaanza, kisha akasimama mama mmoja mwembamba, amejitanda shuka la bluu, shanga masikioni. Mtu nyuma yangu akanong'ona, Nolari. Ni yule mjane. Jirani zake walimwita yeyo, yaani mama, na wakampisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno moja moja, na kilieleweka chote.

"Hiyo kompyuta," akasema, "ilijuaje Mwarusha ni yupi?"

Nikasimama, nikawaamkia wazee shikamoo, na hakuna aliyeitikia marahaba. Nikasema hata hivyo. "Kompyuta haikukosea. Mimi ndiye niliyeiambia kwamba jina la mtu ni a mpaka z. Ng' yenu sikuiweka. Kila aliyekuwa nayo nilimtupa, na sikusoma nilichotupa." Nikaeleza habari ya shifti iliyokufa, na karani wa kijiji, kijana wa watu aliyekuwa amejikunyata nyuma ya mtendaji, akainua kichwa akasema kweli, tangu mvua za mwaka juzi haifanyi kazi. Nikainua orodha mpya. Nikasema wote wamo, na kama kuna mmoja hayumo sitarudi mjini mpaka nimwandike.

Yeyo alikuwa bado amesimama. Akaniuliza, "Mimi naitwa nani?" Nilikuwa nimelisoma jina lake mara nyingi kuliko langu katika siku zile mbili, nikasema kwa kujiamini, "Nolari Saningo." Wanawake waliokuwa kwenye nyasi wakaguna wote kwa pamoja. Siku zote zile nilikuwa nalisoma kama wapimaji walivyoliandika, g nzito kama ya ngoma. Ng'ombe nilijua kumtaja tangu utotoni, mtu nikamsoma vibaya. "Huyo simjui," akasema yeyo. Nikasema tena, polepole, na ng' ikatoka puani inakotoka. Akatingisha kichwa, bado, nadhani alitaka tu nirudie. Nikarudia mara ya tatu mbele ya kijiji kizima, Nolari Saning'o. Ndipo akakaa chini.

"Basi," akasema. "Kaandike hivyo hivyo ulivyosema."

Jumatatu Bwana Swai alisaini orodha mpya amesimama, bila kukaa, na kusema haki nilimheshimu kwa hilo, maana angeweza kukataa. Mkataba wangu ulipokwisha mwezi uliofuata haukuongezwa. Nililia siku moja. Siku ya pili Mama Nnko alisogeza taipureta mbili ukutani, akaweka meza mahali pake, na kabla mwaka haujaisha tulikuwa na kompyuta yetu ya mitumba, imefunikwa kitambaa, na mimi ni mwalimu. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu tangu hapo amechambua maharage kwanza. Wengine wananiona kichaa, wacha waone.

Orodha ya pili ilipobandikwa nilikwenda kijijini mwenyewe kuiangalia, nikamkuta yeyo ukutani na mjukuu wake anayesoma. Mtoto alimwonyesha mstari wake. Yeyo hakujua kusoma, lakini alipitisha kidole juu ya jina lote, taratibu, mpaka kwenye kile kialama kidogo juu, akasimama. Akakikwangua kwa kucha, kuona kama ni uchafu wa karatasi. Akakwangua tena. Hakikutoka. Akanigeukia, akaniitikia ile marahaba ya siku ya mkutano, akaenda zake shambani.

Nimeandika mpaka hapa na simu imeita. Ni Elibariki. Anasema kaburi liko tayari, wageni wameanza kufika, ila fundi aliyechora msalaba ameandika Nko, n moja, na rangi imeshakauka. Fundi anasema n moja haibadilishi kitu, watu wote wanamjua marehemu. Akaniuliza, "Dada Aichi, tuache tu?"

Nimemwambia amzuie fundi hapo hapo na brashi yake. Natafuta viatu, nakuja.